Sanduku la Kijiji na Mikono ya Padri

Fratri anayekaribia upadrisho hufikiri sana juu ya altare, juu ya mahubiri na kitubio. Juu ya sanduku la feza hafikiri. Lakini hatakaa siku nyingi katika parokia ya kijijini kabla walimaji hawajamwendea kwa shauri hilo. Mimi nilijiwa katika mwaka wangu wa kwanza. Walikuwa mama saba, na mkubwa wao, bibi mwenye wajukuu wengi, akasema: «Padri, mwanetu, tumeanza kuweka falanga kidogo-kidogo kila juma. Waume wetu wanatushuku, na sisi wenyewe tunashukiana. Wewe huna mke wala watoto, hutaiba. Utuchungie sanduku.» Nikawaomba wanipe juma moja nifikiri. Nikauliza wazee, nikafungua vitabu. Yale niliyoyapata ndiyo ninayaandika hapa, kwa maana swali la mama wale litawafikia wengi kati yenu.

I. Mlima wa Huruma

Kanisa halikuanza jana kuhangaika na madeni ya maskini. Katika karne ya 15, katika miji ya Italia, maskini aliyepungukiwa alikopa kwa riba kubwa, na mara nyingi alipoteza rehani yake. Wafransisko wakaona ya kuwa haitoshi kulaani riba mimbarani. Yafaa kumpa maskini mahali pengine pa kukopa. Mwaka 1462, mjini Perugia, ikafunguliwa nyumba iliyoitwa Mlima wa Huruma, ndiyo Monte di Pietà. Wenye mali waliweka feza humo. Maskini alileta kitu kuwa rehani, akapewa mkopo kwa malipo madogo. Nyumba za namna ile zikaenea upesi katika Italia, na Mwenye Heri Bernardino wa Feltre alizihubiri kuliko wengine.

Kwa ajili ya walimaji pakatokea nyumba ya jamaa moja na ile, ndiyo mlima wa nafaka. Mlimaji aliyekula mbegu zake wakati wa njaa aliazima mbegu galani, na kisha mavuno alirudisha kipimo kile alichochukua na nyongeza kidogo. Sisi tunaojua namna familia inavyokula maharagi ya mbegu kabla ya mvua, tunaelewa mara moja faida ya gala lile.

Wateolojia walibishana kwa nguvu. Wengine, hasa kati ya Wadominiko, walisema malipo yale, hata yakiwa madogo, ni riba kweli. Baba Mtakatifu Leo X alimaliza ubishi katika Mtaguso wa tano wa Laterano, kwa barua Inter multiplices ya mwezi wa tano mwaka 1515. Alifundisha ya kwamba kuomba malipo ya kiasi kwa ajili ya garama za nyumba na mishahara ya watumishi, pasipo kutafuta faida, si zambi ya riba. Tushike neno hilo, tutalihitaji tena.

Lakini mwandishi wa historia asifiche mabaya ya watu wake. Wahubiri wengine wa Milima ile, na Bernardino mwenyewe, walichanganya huruma kwa maskini na chuki kwa Wayahudi. Sheria za wakati ule zilikuwa zimewafungia Wayahudi kazi nyingi na kuwaachia ile ya kukopesha. Kisha watu wakawashitaki kwa kuifanya. Mahubiri yakawasha moto, Wayahudi wakateswa na kufukuzwa. Huruma inayotafuta adui imekwisha kupoteza njia.

II. Burgumestri wa Westerwald

Friedrich Wilhelm Raiffeisen alizaliwa mwaka 1818 katika mji mdogo wa Hamm, kando ya mto Sieg, Ujerumani. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mprotestanti mwenye kumcha Mungu, na mtumishi wa serikali. Mwaka 1845 aliwekwa burgumestri wa Weyerbusch, katika vilima vya Westerwald, ambako udongo ni maskini na baridi ni kali. Katika baridi ya mwaka 1846 na 1847 viazi vilikuwa vimeoza, nafaka ilikosa, njaa ikaingia. Serikali ilileta unga, lakini iliagiza uuzwe kwa feza mkononi. Nao wenye njaa hawakuwa na feza. Raiffeisen akakusanya watu wenye mali, wakatoa michango, wakanunua unga, wakajenga jiko la mikate, na maskini wakapewa mikate kwa deni.

Mwaka 1848 akahamishwa Flammersfeld. Huko akaona azabu nyingine. Mlimaji asiye na ngombe alipewa mmoja kwa deni na mchuuzi. Akishindwa kulipa, ngombe alirudi kwa mchuuzi, na pengine shamba pia lilimfuata. Mwaka 1849 watu wenye mali wapata 60 wakaungana, wakajitia zamana, chama kikanunua ngombe na kuwapa walimaji, nao wakalipa polepole kwa muda wa miaka 5. Baadaye chama kikaanza kukopesha feza yenyewe. Mwaka 1854, huko Heddesdorf, alianza chama cha tatu cha wema, kwa ajili ya watoto walioachwa, ya watu waliotoka kifungoni, na ya walimaji wenye madeni.

Vyama vyote vitatu vilikuwa vyema, na vyote vilikuwa na ugonjwa mmoja: vilisimama juu ya wema wa matajiri. Miaka ikapita, matajiri wakachoka. Raiffeisen hakupenda kukubali neno hili, kwa sababu aliamini sana upendo wa kikristo. Lakini mambo yenyewe yalimfundisha. Chama cha mkopo hakidumu wale wanaokopa wasipokuwa wao wenyewe wanachama wenye chama. Basi mwaka 1864 chama cha Heddesdorf kikageuzwa kuwa chama cha mikopo cha walimaji. Mwaka 1866 Raiffeisen, aliyekuwa karibu kupofuka, akatoa kitabu kilichoeleza kazi hiyo. Alikufa mwaka 1888.

Kanuni zake tunaweza kuzihesabu kwa vidole. Kwanza, chama kisipite mipaka ya parokia moja ao kijiji kimoja, ili kila mtu ajue mwenendo wa mwenzake. Pili, wanachama wote wanazamini madeni ya chama kwa mali yao yote. Kwa hiyo kila mmoja anakaza macho. Tatu, mkopo unatolewa kwa kazi iliyotajwa, kama kununua mbegu ao mnyama, na unalipwa mavuno yanapofika. Ine, wakubwa wa chama hawapati mshahara, ila karani wa hesabu peke yake. Tano, faida haigawanywi. Inaingia katika akiba isiyogawanyika, ambayo ni mali ya chama milele.

Tuangalie vizuri: kanuni hizi hazidai watu wawe watakatifu. Zinadai wajuane, na wawe na sababu ya kulindana. Aliye mwizi kidogo moyoni atashindwa kuiba, kwa maana macho ni mengi na njia ni fupi.

III. Mprotestanti, Myahudi, na mapadri

Mwaka 1883 kese ya kwanza ya namna hii katika Italia ilifunguliwa Loreggia, kijiji cha walimaji Wakatoliki katika inchi ya Padova. Aliyeianzisha ni Leone Wollemborg, naye alikuwa Myahudi. Hapo ndipo nilipowaomba mkumbuke mahubiri ya karne ya 15. Walimaji wa Italia walisaidiwa kutoka katika riba na mtoto wa taifa lile ambalo wahubiri wetu walikuwa wamelitwika zambi yote ya riba. Mungu hufundisha Kanisa lake pia kwa mikono ambayo Kanisa halikuitazamia.

Katika Ubelgiji kazi ilishikwa na mapadri. Padri Jakob Ferdinand Mellaerts, paroko wa Goor, alianzisha mwaka 1890, pamoja na Joris Helleputte na Frans Schollaert, chama kikubwa cha walimaji kiitwacho Boerenbond. Mwaka uliofuata Leo XIII akatoa barua Rerum Novarum, na mapadri wengi waliokuwa wakiogopa wakapata nguvu. Mwaka 1892 kese ya kwanza ya namna ya Raiffeisen katika Ubelgiji ikafunguliwa Rillaar.

Katika Kanada, Alphonse Desjardins alikuwa mwandishi wa maneno ya wabunge mjini Ottawa. Mwaka 1897 alimsikia mbunge mmoja akieleza habari ya mtu wa Montreal aliyekopa dola 150, akahukumiwa kulipa dola 5,000 za riba. Neno lile lilimchoma. Tarehe 6 mwezi wa 12 mwaka 1900, mjini Lévis, chama chake kikaundwa. Na siku kilipoanza kupokea feza, mwezi wa kwanza wa 1901, jumla yake ilikuwa dola 26 na senti 40. Mke wake Dorimène ndiye aliyeshika kazi kila Desjardins alipokuwa Ottawa. Na maparoko wa Quebec walifungulia kese hizo milango ya parokia zao.

Afrika ilipokea mbegu hiyo kwa mkono wa Mapadri Weupe pia. Mwaka 1955, huko Jirapa, kaskazini ya Ghana, Padri John McNulty alikusanya wakristo wake katika chama cha kuweka na kukopa, kinachotajwa kuwa cha kwanza cha namna hiyo katika Afrika. Na mwaka 1961 Yohane XXIII, katika Mater et Magistra, aliwashauri walimaji wa dunia nzima waungane katika vyama vyao wenyewe vya kusaidiana.

IV. Amri ya mwaka 1910

Sasa nafika kwenye swali la mama saba. Mapadri wakiwa wamefanya mema namna hii, mbona nisichukue ufunguo?

Wengi wamesahau ya kuwa Roma ilijibu swali hili zamani. Mwaka 1910, wakati wa Pio X, mapadri wengi wa Ulaya walikuwa wakubwa wa kese za vijijini, washika feza, na wazamini. Ndipo tarehe 18 mwezi wa 11, Kongregasio ya Konsistori ikatoa amri Docente Apostolo. Ilisifu vyama vile, ikawahimiza mapadri waviamshe na kuvisaidia. Lakini iliwakataza kushika kazi zinazobeba uzito wa usimamizi wa feza, kama ukubwa, ukarani, na ushika-hazina, pasipo ruhusa ya Kiti Kitakatifu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaendelea na roho ileile: kanuni ya 285 inamkataza padri kusimamia mali ya walei pasipo ruhusa ya mkubwa wake, ao kuwa mzamini pasipo kumwomba shauri.

Kisheria, basi, jibu ni wazi. Lakini fratri mwenye akili atauliza sababu, nami nimeipata katika historia ya Ubelgiji. Kese za vijiji za Boerenbond zilipata waweka akiba wengi sana, kwa kuwa walimaji waliwaamini mapadri wao. Feza ikapanda kutoka kijijini hadi kese kuu, kutoka kese kuu hadi banki kubwa, na banki ikaiingiza katika kazi ambazo hakuna mlimaji aliyeziona. Shida ya uchumi ya miaka ya 1930 ilipofika, banki ile ikaanguka mwaka 1934. Hofu kubwa ikaingia vijijini, na mwaka 1935 kese zikapangwa upya chini ya kese kuu nyingine. Walimaji walikuwa wamemwamini paroko, na paroko hakujua feza ilikokwenda. Imani ya watu kwa padri wao ilikuwa imetumika mahali pa kitabu cha hesabu. Hayo ni makosa mawili pamoja: hesabu inakosa macho, na upadri unatwikwa deni lisilo lake.

V. Kwetu

Kwetu Kongo, sanduku lilikuwako kabla ya kusoma vitabu vya Ulaya. Likelemba inajulikana na kila mtu: watu kumi wanatoa sawasawa kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao anachukua yote. Ni jambo jema; lakini anayepata ugonjwa mwezi wa pili, na zamu yake ni ya tisa, anabaki na ugonjwa wake. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ikaanzisha Kese ya Akiba kwa ajili ya watu wa Kongo, na baada ya uhuru koperativi za akiba zikazaliwa, nyingi karibu na missioni.

Ni nini iliyoziangusha nyingi? Wezi walikuwako, tusikatae. Lakini kulikuwa mwizi mkubwa kupita wote, naye hakuvunja kufuli hata moja. Wakati wa Noeli mwaka 1979 serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 zimekufa, ikatoa siku chache tu za kuzibadilisha. Aliye mbali na banki, yaani mtu wa kijiji, alibaki na karatasi. Bibi yule wa mama saba aliniambia ya kuwa mama yake alitunza noti zake ndani ya chungu hadi kufa, akingoja serikali ibadili shauri. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zikawa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa falanga 1. Hesabuni wenyewe: falanga 1 ya mwaka 1998 ilipokea nafasi ya zaire za zamani miliari 300. Mlimaji aliyeweka akiba kwa uaminifu wote, katika kese yenye hesabu safi kabisa, alipoteza sawa na yule aliyeibiwa. Kisha tunashangaa watu wa vijijini wakikataa kuweka feza!

Ndiyo maana njia iliyoshika mizizi kwetu ni ndogo na fupi. Ilianza mwaka 1991 katika inchi ya Niger, kati ya wanawake wa Maradi, kwa msaada wa shirika CARE, ikafika Kongo kwa jina la AVEC. Watu 15 hadi 25 wanajichagua wenyewe. Kila mkutano kila mmoja ananunua sehemu, toka 1 hadi 5. Feza inahesabiwa mbele ya wote, mikopo inatolewa palepale, na sanduku linafungwa kwa kufuli 3, ambazo funguo zake zinashikwa na watu 3 tofauti. Kisha miezi 9 hadi 12 yote inagawanywa, na kazi inaanza upya. Katika Kivu ziko pia MUSO, zenye kese ya kijani kwa mikopo, kese nyekundu kwa misiba na magonjwa, na kese ya buluu kwa feza itokayo inje. Koperativi kubwa nazo zimepata sheria yao tangu tarehe 2 mwezi wa 2 mwaka 2002, chini ya macho ya Banki Kuu.

Wengi wa wanachama hao ni wanawake, na jambo hilo lina historia yake. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimwomba mke ruhusa ya mume kwa matendo makubwa ya kisheria, na sharti hilo liliondolewa mwaka 2016 tu. Kabla yake, sanduku la kijiji lilikuwa mahali pa pekee ambapo wake wengi waliweza kuwa na akiba yenye jina lao.

Je, kugawanya kila mwaka ni kinyume cha Raiffeisen, aliyetaka akiba isigawanywe milele? Ndiyo, ni kinyume, nayo ina hasara: mtaji haukui. Lakini Raiffeisen hakuishi katika inchi ambamo feza ilikufa mara tatu kwa miaka 20. Mama anayegawiwa feza yake mwezi wa nane na kununua mbuzi na mbegu, anajua historia kuliko wanaomcheka.

Liko neno moja linalonisumbua zaidi. Katika vyama hivi mara nyingi mkopaji analipa 5 ao 10 kwa 100 kila mwezi. Watu husema: si riba, kwa maana inarudi kwetu. Ni kweli kwa nusu. Mwisho wa mwaka inarudi kwa kadiri ya sehemu. Mwenye sehemu nyingi ndiye mwenye nguvu. Anayekopa mara kwa mara ni zaifu, mwenye mtoto mgonjwa. Basi zaifu anamlisha mwenye nguvu, na wote wanaimba pamoja. Leo X aliruhusu malipo ya garama. Hakuruhusu ugonjwa wa jirani uwe shamba. Hapa ndipo neno la padri linapohitajiwa: mkopo wa biashara ulipe sawa, lakini mkopo wa ugonjwa na msiba utoke katika kese nyekundu, pasipo nyongeza.

VI. Jibu

Kisha juma moja mama saba walirudi. Niliwaambia: «Mama zangu, ufunguo siuchukui. Mkinipa mimi, mtaacha kuhesabu; na siku nitakapohamishwa, mtamwuliza nani? Lakini nitawapa vitu vitatu: chumba cha shule kila siku ya tano, katekista wa kuwafundisha kuandika hesabu, na mimi mwenyewe nitakuja kusikiliza mkihesabu kwa sauti.» Bibi hakufurahi. Alisema: «Ndiyo kusema na wewe unatushuku.» Nikajibu: «Hapana, mama. Ninajishuku mimi.»

Walinunua kufuli tatu. Mwaka wa kwanza waligombana mara mbili kwa nguvu, mmoja akatoka. Mwaka wa pili wakawa 19, na waume wawili wakaomba kuingia.

Ndugu zangu mnaojitayarisha kwa upadri, mtapewa funguo nyingi: za tabernakulo, za kanisa, za gala la missioni. Zile ni zenu, zishikeni kwa uaminifu. Ufunguo wa sanduku la kijiji utaletwa kwenu kwa heshima na kwa machozi, na moyo wenu utawaambia kwamba kuukataa ni kukosa upendo. Raiffeisen aliwapenda maskini miaka 17 kwa feza ya watu wengine, kabla ya kuelewa ya kuwa upendo mkubwa zaidi ni kuwaachia kazi mikononi mwao. Sisi tunaweza kuelewa kwa juma moja, tukikubali kusoma yaliyompata.